Protini humulika, huwaka au hung'aa?

Swali: Assalaam aleikum mwalimu. Nasoma baiolojia hapa Mombasa, natayarisha makala kuhusu picha za protini ndani ya seli hai. Nimeandika "protini zinamulika ndani ya seli". Mwenzangu ashikilia kuwa "zinawaka". Nani kasema sawa?

Jibu: Waaleikumu salaam, dada. Hakuna aliyepata, na sababu imo katika namna picha hizo zinavyopigwa.

Kumulika ni kukielekezea kitu mwanga, kwa hivyo kitenzi hiki chataka yambwa. Ndiyo maana simu ndogo yenye tochi twaiita mulika mwizi: mwizi ndiye aangukiwaye na mwanga. Maabarani, imulikayo ni taa ya hadubini, imulikwayo ni seli.

Kuwaka nako kumezidi. Karabai ya mvuvi huwaka kwa kuwa mwanga wazaliwa humo humo. Protini ya kijani itumiwayo katika picha hizo, waliyoigundua mwanakemia Osamu Shimomura na wenzake mwaka 1962 katika konyeza, mnyama laini wa baharini, wa pwani ya Pasifiki ya Marekani, hupokea mwanga wa buluu na kutoa wa kijani. Zima taa, nayo yazima papo hapo. Lakini konyeza huyo ana protini ya pili, ekworini, ambayo ikikutana na kalisi hutoa mwanga wa buluu bila kumulikwa na chochote. Jirani yake, ile protini ya kijani, huchukua nishati hiyo, ikang'aa kijani. Kwa ekworini, mwenzako angekuwa na haki yake.

Usiseme zinameta. Mkufu wa dhahabu humeta kwa kuurudisha mwanga ule ule ulioupiga. Hapa rangi yageuka, na mageuzi hayo ndiyo siri ya picha yote: kichujio cha hadubini huzuia buluu na kupitisha kijani, protini ikaonekana peke yake gizani.

Tumia kung'aa. Ila nakuomba sana usiandike "wanasayansi waling'arisha protini". Hiyo ni kazi ya kusugua masufuria. Tangu mwanabiolojia Martin Chalfie aonyeshe mwaka 1994 kwamba jeni ya ile protini ya kijani ya konyeza yafanya kazi ndani ya bakteria na minyoo, watafiti huiunganisha na jeni ya protini wanayoifuatilia, na seli yenyewe ikazitengeneza protini hizo mbili zikiwa zimeshikana. Hiyo ni kutia alama.

Andika hivi: "Seli ikimulikwa kwa mwanga wa buluu, protini iliyotiwa alama hung'aa kijani." Zikiwa nyingi, "protini zilizotiwa alama hung'aa", hu- haibadiliki.