Jibu: mbona metileni ni tripleti lakini cis inabaki cis?

Mkuu, hapo ulipokwama ndipo nilipokwama mimi mwaka wa tatu chuoni. Umeuliza: kama metileni (CH₂, kabeni ndogo kabisa, yaani kaboni yenye bondi mbili tu na elektroni mbili zisizofungwa) yenye nishati ya chini kabisa ni tripleti (elektroni hizo ziko kwenye obitali mbili tofauti, spini sambamba), na tripleti huchanganya cis (vikundi viwili upande mmoja) na trans (pande tofauti), mbona kwenye kimiminika cis-2-buteni inatoa siklopropani (pete ya kaboni tatu) ya cis?

Tunakariri hali ya chini na kusahau kuuliza kabeni imezaliwaje. Diazometani ikipigwa mwanga, inayotoka kwanza ni singleti: elektroni mbili ziko kwenye obitali moja, ya pili tupu. Hiyo hufunga bondi zote mbili na alkeni (hapa buteni, yenye bondi maradufu) kwa mpigo mmoja, hivyo cis inabaki cis. Na kwa kuwa kwenye kimiminika alkeni imeizunguka kila upande, inamenyuka kabla haijashuka kuwa tripleti. Fanya jambo hilohilo kwenye gesi, ongeza argoni kwa wingi: singleti inagongana nayo weee, inashuka, na trans inaanza kujitokeza.

Kilichonifungua macho ni njiti za meno na vidonge vya unga wa ngano uliokandwa. Niliunda buteni, nikaichomeka CH₂ kwa njiti moja tu, kwa sababu tripleti haiwezi kufunga bondi ya pili papo hapo. Elektroni mbili zilizobaki zina spini sambamba, lazima moja igeuke kwanza. Nikaushika mfano ule, metili (CH₃) ikazunguka yenyewe kwenye vidole vyangu. Pale nikaelewa trans inatoka wapi.

Dihalokabeni (kabeni zenye halojeni mbili) hazina utata huo. Klorini au bromini huchangia jozi zake za elektroni kwenye obitali tupu, hivyo singleti ndiyo ya chini. Wanakemia Skell na Garner walionyesha mwaka 1956, kwa dibromokabeni na buteni zote mbili, kuwa cis inabaki cis na trans inabaki trans. Maabara sisi, ili kupata diklorokabeni na kuifunga kwenye alkeni, tulitumia klorofomu, siklohekseni (ndiyo alkeni) na sodiamu haidroksaidi ya 50%, pamoja na chumvi ya amonia ya kwaternari (naitrojeni yenye vikundi vinne vya kaboni) ya kuvusha ioni kati ya tabaka la maji na la mafuta. Mara ya kwanza nilikoroga polepole, matabaka yakabaki mbalimbali, na karibu siklohekseni yote nikairudisha kama ilivyokuwa. Koroga kwa nguvu hadi iwe kama uji mzito.

Kuhusu kabeni inayokaa chupani: mwanakemia Arduengo aliipata mwaka 1991, fuwele kabisa. Naitrojeni mbili zinailisha ile obitali tupu, na vikundi viwili vikubwa vya adamantili vinaikinga. Ila imeshiba elektroni mno. Usitegemee ikupe siklopropani na buteni yako.