Maswali na majibu: Unataka kuanza kazi ya kufunga sauna?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa mafundi: maseremala, mafundi umeme, fundi vigae mmoja, na mtu mwenye mtaji asiye na ufundi wowote. Nimechagua maswali yanayowagusa wengi. Kwa asiyeijua, sauna ni chumba cha mbao cha kukaa na kutoka jasho, chenye hita inayopasha mawe yanayomwagiwa maji. Msimamo wangu niuseme mapema: mteja wa sauna analipia joto, halipii mbao. Fundi anayeelewa joto, hewa na mvuke vinavyotembea chumbani atapata kazi hata kama mbao zake si za kifahari.

Mimi ni seremala wa makabati na milango kwa miaka mingi. Kama naijua mbao vizuri, kuna kitu kingine cha kujifunza kabla ya kupokea kazi ya sauna?

Kipo, ndugu yangu, na kiko nyuma ya mbao.

Sauna ya asili hufikia nyuzijoto 70 hadi 100 za Selsiasi. Mtu akimwagia mawe maji, mvuke hupanda ghafla na kutafuta pa kutokea. Ukipata upenyo utaingia ukutani, utakutana na sehemu yenye ubaridi, utageuka maji, na fremu itaanza kuoza taratibu wakati chumba kwa ndani bado kinapendeza. Ndiyo maana ukuta una mpangilio wake. Kuna fremu, na katikati ya fremu pamba ya mawe ya kuzuia joto. Upande wa chumbani inafuata karatasi ya alumini, uso wake unaong'aa ukitazama ndani. Juu yake unapigilia papi (vipande vyembamba vya mbao) ili ubaki mwanya wa hewa wa sentimita 1 hadi 2, ndipo zije mbao za kuchomekana. Ukizilaza mbao moja kwa moja juu ya alumini umepoteza faida nusu, kwa sababu alumini hurudisha joto la mnururisho, yaani linalosafiri kama miale, pale tu inapotazamana na uwazi. Darini weka pamba nene zaidi, maana joto lote hukimbilia huko.

Viungo vya karatasi hiyo vifungwe kwa utepe wa alumini, vyote, bila kuacha. Pita na kiganja chako kwenye kona ya dari na ukuta kabla hujafunga ubao wa kwanza. Kama utepe unainuka ukiusugua, ubandue, futa vumbi, weka mwingine. Ni kazi ya dakika chache, na baadaye hutaweza kuifanya bila kubomoa.

Kwenye mbao zenyewe, sahau mninga na mbao nyingine nzito ulizozoea kusifiwa nazo. Mbao nzito hupitisha joto kwa wepesi na kuunguza ngozi. Benchi hutaka mbao nyepesi zisizo na utomvu wala vifundo: aspeni, olda, seda, au abachi, mti wa misitu ya Afrika Magharibi unaopendwa na watengenezaji wa sauna wa Ulaya. Skrubu za benchi ziingie kutokea chini, ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kichwa cha skrubu kilichobaki juu kikipashwa kwa nyuzijoto 85 kinaacha alama pajani. Na usipake vanishi ndani ya chumba hata mteja akikuomba kwa sababu ya mng'ao. Inatoa harufu kwenye joto, na benchi iliyopakwa inakuwa ya moto kuikalia.

Nimepata mteja mwenye chumba cha mita 2 kwa 2, urefu mita 2.1. Anataka ukuta mmoja mzima uwe kioo. Muuzaji ameniambia hita ya kilowati 9 inatosha. Ni kweli?

Bila kioo, ingekuwa kweli. Kanuni ya kuanzia ni kilowati 1 kwa kila mita 1 ya ujazo. Chumba chako ni 2 × 2 × 2.1, yaani mita za ujazo 8.4, na hita ya kilowati 9 ingekifaa kabisa kikiwa na kuta za mbao zilizozibwa joto vizuri.

Kioo kinabadilisha hesabu. Kila mita ya mraba ya kioo, matofali, jiwe au ukuta wowote usiozibwa joto huhesabiwa kana kwamba umeongeza mita za ujazo zipatazo 1.2 kwenye chumba. Ukuta wako wa kioo ni 2 × 2.1, mita za mraba 4.2. Zidisha kwa 1.2, unapata kama 5. Sasa chumba kinahesabika kuwa mita za ujazo 13.4, na hita ya kilowati 9 itahangaika. Itawaka mfululizo bila kupumzika, kidhibiti joto hakitaikata hata mara moja, koili zake za kupashia joto zitachakaa mapema, na mteja atakupigia simu kulalamika kwamba anasubiri saa nzima na nusu. Simu hiyo utaipokea wewe. Muuzaji hatakuwepo.

Mpe mteja njia mbili kwa maandishi: apunguze kioo kibaki mlango na dirisha dogo pembeni, au anunue hita kubwa zaidi na alipie na waya unaoendana nayo. Usiende upande wa pili kupita kiasi. Hita kubwa mno hupasha hewa haraka, kidhibiti kinakata kabla mawe hayajashika moto, na maji yakimwagwa yanatiririka chini badala ya kulipuka kuwa mvuke. Mwisho wa yote soma kijitabu cha hita yenyewe. Kila mtengenezaji huandika ujazo wa chini na wa juu, na umbali wa kuiacha hita na mbao. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyoangaliwa kukitokea moto.

Mawe ya mtoni yanafaa? Yako bure.

Hapana. Jiwe la mtoni mara nyingi lina nyufa zenye unyevu ndani. Likipashwa linaweza kupasuka na kurusha vipande. Tumia mawe ya sauna yaliyochaguliwa kwa kazi hiyo, kama diabasi au peridotiti, yaoshe kwanza, na uyapange kwa kuachia hewa nafasi ya kupita. Usiyabane kwenye koili.

Mimi ni fundi umeme. Naona kazi hii ni waya tu na hita moja. Kuna hatari gani ambayo sijaizoea?

Joto lenyewe, dada. Waya wa kawaida wa ngozi ya plastiki ya PVC umetengenezwa kuvumilia nyuzijoto 70. Ndani ya sauna, kuanzia mita 1 kutoka sakafuni kwenda juu, kiwango cha IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, kinataka vifaa vivumilie nyuzijoto 125 na waya uvumilie 170. Waya wa PVC hukauka, hugeuka mkavu wa kukatika, na siku moja unapiga shoti ukutani ambako hakuna anayeuona. Kwa hiyo muunganisho wa mwisho kwenye hita ni kebo ya mpira au silikoni iliyotengenezwa kwa joto, na soketi na swichi zote zibaki nje ya chumba. Taa isiwekwe juu ya hita.

Mzigo nao ni mkubwa. Hita ya kilowati 6 kwenye umeme wa volti 230 wa fezi moja inavuta ampea 26 kwa muda wote inapowaka. Ya kilowati 9 kwenye fezi tatu za volti 400 inavuta ampea 13 kwa kila fezi. Iwe na laini yake peke yake kutoka kwenye boksi kuu. Kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza kufika eneo la kazi, kabla seremala hajakata ubao hata mmoja. Nyumba ikiwa na fezi moja na tayari ina jiko la umeme na hita ya maji, mteja anatakiwa kulijua hilo siku ya makadirio, asilisikie siku ya kukabidhiwa.

Kihisi joto nacho kiwekwe pale hasa kijitabu kinapoelekeza. Wapo mafundi wanaokisogeza mbali au karibu na tundu la hewa ili kisionekane. Kikipigwa na hewa baridi kinaiambia hita kuwa chumba bado hakijapata joto, na hita inaendelea kuwaka.

Kama ungekuwa seremala ndiye unayeuliza, ningekuambia usiguse umeme kabisa. Tafuta fundi mwenye leseni, mlipe vizuri, na cheti chake kikae kwenye faili la kila kazi. Bima nyingi hazitalipa hasara ya moto kama nyaya zilifungwa na mtu asiye na kibali.

Nina mtaji kidogo. Nianze na sauna ya mawe, ya infraredi, au chumba cha mvuke?

Anza na sauna ya mawe ya umeme, ile inayokuja ikiwa imekatwa vipande kiwandani. Utajifunza mpangilio wa chumba bila kubahatisha vipimo. Ukishafunga kadhaa na kuona makosa yanakotokea, ndipo uchukue kazi za kuchora na kujenga mwenyewe, ambako ndiko kwenye faida.

Infraredi hupasha mwili kwa mnururisho, hewa ikiwa nyuzijoto 45 hadi 60 tu. Nyingi ni makabati ambayo mnunuzi mwenye bisibisi anaweza kuyaunganisha mwenyewe, na malipo ya ufungaji ni kiduchu. Chumba cha mvuke ni kazi nyingine kabisa: unyevu wa karibu asilimia 100, vigae, dari yenye mteremko ili matone yasidondokee watu, na kuzuia maji kila upande. Mwachie fundi vigae, au mshirikiane. Sauna ya kuni nayo isubiri mpaka upate mtu anayejua mabomba ya moshi kwelikweli.

Nawapangiaje wateja bei bila kujikaanga?

Andika kila kitu kabla ya kutaja jumla. Mafundi wengi huhesabu hita, mbao na siku za kazi, wakasahau safari ya kwenda kupima, usafiri wa mzigo, mbao zinazoharibika wakati wa kukata, malipo ya fundi umeme, kutoa takataka, na ile safari ya kurudi wiki kadhaa baadaye kukaza na kurekebisha. Safari hiyo ya kurudi ipo karibu kila kazi, kwa sababu mbao hucheza chumba kikianza kupata moto na kupoa. Itie kwenye bei tangu mwanzo.

Malipo ya awali yatoshe kununua hita na mbao. Usinunue hita ya mteja kwa fedha yako, hata akiwa rafiki; akighairi utabaki na kifaa kilichochaguliwa kwa ujazo wa chumba chake. Sehemu ya pili ilipwe ukuta ukiwa na alumini kabla ya kufunikwa. Siku hiyo mwite mteja aje aone kwa macho yake, na upige picha za kila ukuta. Picha hizo zitakusaidia kukiwa na ugomvi, na zitakuletea wateja wengine kuliko picha za benchi linalong'aa. Sehemu ya mwisho ni baada ya kuwasha.

Na kuwasha kwa mara ya kwanza kufanyike bila mtu ndani, mlango ukiwa wazi, mpaka harufu ya kiwandani ya koili iishe. Kisha funga mlango, acha joto lipande, uone limechukua muda gani. Andika muda huo kwenye karatasi ya makabidhiano.

Naweza kutangaza kuwa sauna inatibu moyo na kupunguza uzito?

Usitangaze hivyo. Kuna utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la JAMA Internal Medicine. Uliwafuatilia wanaume 2,315 wa umri wa kati kwa takriban miaka 20, ukaona kwamba walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikuwa na vifo vichache vya magonjwa ya moyo kuliko walioingia mara moja kwa wiki. Ni habari njema, lakini inaonyesha mambo mawili yanayoambatana; haithibitishi kuwa sauna ndiyo dawa. Uzito unaopungua humo ni jasho, unarudi ukinywa maji. Mteja mwenye ugonjwa wa moyo ambao haujatulia, au mjamzito, mwambie amwone daktari kwanza. Pombe na sauna visikutane.

Una la kusifia bila kutia chumvi. Watu wa Ufini wako kama milioni 5.5 na sauna zao zinapita milioni 3, na mwaka 2020 UNESCO iliuweka utamaduni huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mwambie mteja kuhusu utulivu na usingizi mzuri wa usiku huo. Hayo atayaona mwenyewe.

Nimemaliza sauna yangu ya kwanza. Mteja anasema kichwa kinaungua na miguu ina baridi. Nimekosea wapi?

Anza kwa kupima benchi. Benchi ya juu iwe chini ya dari kwa mita 1.1 hadi 1.2, na miguu ya aliyekaa iwe juu ya usawa wa mawe au karibu nao. Chumba chenye dari ya juu na benchi fupi humweka mtu kwenye tabaka la baridi, joto likimpita kichwani. Benchi inaweza kuinuliwa bila kubomoa ukuta, kwa hiyo anza nayo.

Kisha angalia hewa. Chumba kinataka hewa yake ibadilishwe kama mara 6 kwa saa. Hewa safi iingie karibu na hita, itokee ukuta wa mbali, chini ya benchi. Kama umeweka tundu la kutokea juu karibu na dari na linabaki wazi, joto linatoka kabla halijashuka kwa watu. Lizibe wakati wa matumizi, lifunguliwe baadaye kukausha chumba. Angalia pia kama kuna uwazi chini ya mlango unaovuta baridi miguuni. Na ukiwa hapo mlangoni, hakikisha mlango unafunguka kwa nje kwa kusukumwa tu, bila kitasa cha kufunga wala komeo. Kama umeweka komeo, ling'oe leo hii kabla ya kushughulikia benchi.