Kodi ya elfu 18 au nyumba ya bei nafuu: jibu kwa aliyeuliza

Umesema unapanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Embakasi, Nairobi, kwa elfu 18 kwa mwezi, mshahara wako kabla ya makato ni elfu 62, umejiandikisha Boma Yangu (mfumo wa serikali wa kuomba nyumba za bei nafuu), na kila mwezi unakatwa ushuru wa nyumba. Unataka kujua kama uendelee kungoja nyumba ya serikali au uchukue mkopo wa Sacco ununue ploti Joska, nje ya jiji. Mwishoni ukauliza jina la mkeo liingie wapi. Walionitangulia kukujibu wengi wamejibu siasa. Mimi nitajibu hesabu, maana nimelelewa katika nyumba ambayo baba alikuwa anaipanga huku anainunua, hapahapa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, na sasa hivi ni mweka hazina wa kamati ya wakazi kwenye mojawapo ya hii miradi ya bei nafuu. Mtaa sitautaja, majirani zangu wamo humu.

Anza kwa kuliondoa kichwani hilo la makato. Asilimia 1.5 ya elfu 62 ni shilingi 930, na mwajiri wako anaongeza 930 nyingine. Pesa hizo si akiba yako. Wazo la 2018, wakati wa zile Nguzo Nne, mipango mikuu minne ya rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta, lilikuwa kwamba mchango ukae kwa jina lako na siku moja ukusaidie kununua nyumba. Lile likakwama mahakamani. Lililokuja na Sheria ya Fedha ya 2023 ni ushuru kama ushuru mwingine. Mahakama Kuu ililipiga chini Novemba 2023 kwa sababu, pamoja na mambo mengine, liliwabagua walioajiriwa na kuwaacha wengine. Serikali ikarudi na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024, na safari hii hata mwenye kibanda sokoni Gikomba anatakiwa alipe. Kwa hiyo ukipata nyumba, hakuna atakayekuambia "umeshachangia kiasi fulani, tupunguze." Na hata kama zingekuwa zako: 1,860 kwa mwezi kwa miaka kumi ni laki mbili na elfu 23 na ushei. Malipo ya awali ya asilimia kumi kwa nyumba ya milioni tatu ni laki tatu. Ungekuwa bado hujafika.

Malipo ya awali unaweka mwenyewe, kando, kupitia ile akaunti yako ya Boma Yangu au popote unapojiwekea akiba. Kama tangu ujiandikishe hujaweka kitu, ujue kwamba unachongoja hakijaanza kuja. Naona watu wengi sana wa namna hii: wana namba ya usajili, wameipiga picha kwenye simu, basi.

Sasa tuje kwenye tarakimu yenyewe. Watu wanabishana kuhusu bei ya nyumba, milioni mbili, milioni tatu, eti hiyo ni bei nafuu kwa nani. Bei si swali la kwanza. Swali la kwanza ni kiasi cha mwezi. Tufanye nyumba ni milioni 3, umelipa laki tatu, umebaki na deni la milioni 2.7 kwa miaka 25. Kwa riba ya asilimia 15, utalipa kama 34,600 kila mwezi. Kwa asilimia 9, ni kama 22,700. Kwa asilimia 6, ni kama 17,400. Nyumba ni ileile, ukuta ni uleule, mbunge aliyekata utepe ni yuleyule. Riba ndiyo inayoamua kama mtu wa elfu 62 ataingia au atabaki nje. Ndiyo maana mimi, katika sera hii yote, kitu ninachokipa heshima zaidi ni kile ambacho hakina picha ya kuonyesha kwenye runinga: ile kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, KMRC, iliyoanzishwa 2018, inayozikopesha benki na Sacco kwa asilimia 5 ili nazo zimkopeshe mwananchi kwa chini ya asilimia 10. Kabla hujaenda Joska, iulize Sacco yako kama imo kwenye mpango huo. Zipo ambazo zimo na wanachama wake hawana habari.

Turudi kwako. Ukishatoa PAYE (kodi ya mapato), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na huo ushuru wa nyumba, mkononi unabaki na kama elfu 46 na nusu, ikiwa huna mkopo. Sheria ya ajira inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, yaani lazima ubaki na kama 20,700. Ukilipa 22,700 ya nyumba unabaki na kama 23,900. Umepita, lakini kwa kupenya. Sasa ingiza mkopo mdogo tu wa Sacco wa kununulia ploti, wa elfu nane kwa mwezi: mlango umefungwa. Hapo ndipo shida ya swali lako ilipo. Umeyauliza kama mambo mawili ya kuchagua moja, lakini ukichukua mkopo wa ploti leo unajiondoa kwenye foleni ya nyumba kwa miaka yote utakayokuwa unaulipa, hata kama jina lako bado limo kwenye mfumo.

Kuna jambo ambalo sikuona mtu akiligusa. Nyumba hizi zinauzwa kwa njia zaidi ya moja, na si sawa. Ukichukua mkopo wa benki au Sacco, hati ya nyumba inatoka kwa jina lako na mkopeshaji anaishika kama dhamana. Kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, hata nyumba ya ghorofa ya nne inaweza kuwa na hati yake yenyewe. Ukienda kwa njia ya kupanga huku ukinunua, unalipa kila mwezi kama kodi lakini mwenye mradi ndiye mwenye nyumba mpaka shilingi ya mwisho. Njia hii si mpya. Shirika la Nyumba la Taifa limeitumia miaka na miaka, na mabaraza ya miji vilevile. Inamfaa mtu asiye na hati ya mshahara, kwa sababu haimwulizi maswali mengi mwanzoni. Maswali yanakuja mwishoni.

Baba yangu alilipa kwa njia hiyo, makato moja kwa moja kwenye mshahara, mpaka akamaliza. Hati haikutoka. Akafuatilia, akachoka, akafariki. Mama alipokwenda na karatasi za mirathi aliambiwa alete uthibitisho wa malipo ya miaka yote. Alikuwa nao: mafungu ya risiti yaliyofungwa kwa uzi wa kushonea, kila mwaka fungu lake, wino wa muhuri umefifia hadi ukawa kama doa la chai. Karani akazipanga mezani mwezi kwa mwezi akaona Agosti ya mwaka mmoja haipo. Akazirudisha zote. Kilichotuokoa ni kwamba baba hakuwa mtu wa kutupa karatasi: mama alirudi nyumbani akapekua sanduku la nguo, akatoa hati ya mshahara ya Agosti ileile, makato ya nyumba yameandikwa. Kwa hiyo ukiingia kwenye mpango wa namna hii, usitegemee mfumo wa kompyuta ukutunzie historia yako. Kila mwezi chapisha taarifa ya malipo, weka. Na kabla ya kusaini tafuta kifungu kinachosema ukikosa miezi mingapi unatolewa, na ukitolewa unarudishiwa nini. Kama kifungu hicho hakimo, usisaini mpaka kiwemo.

Halafu kuna pesa ambayo haimo kwenye tangazo lolote: ada ya utunzaji. Hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo mnivumilie. Jengo la ghorofa lina lifti, pampu ya maji, taa za ngazi, mlinzi, takataka, na bomba kuu la maji machafu ambalo huziba Jumapili. Kwetu ni shilingi 2,500 kwa nyumba. Kila mwisho wa mwezi nafungua daftari na naona sura zilezile. Wa ghorofa ya chini wanasema lifti haiwahusu. Wa juu wanasema maji hayafiki, kwa nini walipe. Na kuna wamiliki ambao sijawahi kuwaona uso. Namba zao ninazo, WhatsApp inaonyesha wamesoma, kimya. Lifti moja ilipokufa, fundi alitaka alipwe nusu kabla hata ya kufungua mlango wa mashine, na tukakaa wiki nzima akina mama wakipandisha mitungi ya gesi kwa ngazi, kwa sababu ya watu ambao hata hawaishi pale.

Maana yake ni kwamba nyumba nyingi wanaoishi ndani si walionunua. Nina jirani, mzee fulani fundi cherehani, amepanga kwa mtu aliyepata nyumba hiyo kwa bei ya serikali. Kodi anayolipa inazidi malipo ya mwezi ya mwenye nyumba, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida ni yeye mzee anayeinunua nyumba ile, ila hati itaandikwa jina la mwingine. Kwenye mkutano wetu wa mwaka alinyoosha mkono kuhusu maji, mwenyekiti akamkumbusha kwa upole kwamba wenye kura ni wamiliki. Mzee akasema sawa, akakaa. Ada yake hulipa tarehe mbili kila mwezi, hajawahi kukosa.

Wanaosema tatizo hili ni la Ruto au la Uhuru wakaulize wazee. Chukua mitaa ya hapa Nairobi. Umoja ilijengwa miaka ya sabini kwa fedha za Wamarekani, ikalengwa watu wa kipato cha chini. Nyumba nyingi zikaishia kwa waliokuwa na uwezo zaidi. Dandora ilianza 1975 na Benki ya Dunia, mtu anapewa kiwanja chenye choo na bafu ajijengee. Wengi walijenga vyumba wakapangisha, wengine wakauza. Buruburu ilikuwa ya wenye mishahara tangu siku ya kwanza, na haikumdanganya mtu. Sheria ya 2024 imejaribu kuziba tundu hili: mtu mmoja nyumba moja, na huwezi kuuza bila idhini ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Vizuri. Lakini kuuza si kupangisha, na anayepangisha hahitaji wakili. Ningekuwa na sauti kule juu ningeomba kitu kimoja, kwamba aliyepewa nyumba kwa riba ya chini aishi ndani yake miaka kadhaa, na asipoishi riba ipande hadi ya soko. Hapo ungeona foleni inavyofupika.

Mmoja wa walionitangulia kukujibu, aliyesema nyumba zote zimeshagawiwa wakubwa, ametia chumvi. Pale Mukuru funguo za nyumba 1,080 zilitolewa Mei 2025, na ninawafahamu watu wa kawaida kabisa walioingia, mmoja anauza mayai ya kuchemsha. Wasiopata ni wengi zaidi, hilo pia ni kweli, na nchi inayosemekana kupungukiwa nyumba milioni mbili haitamaliza foleni kwa mradi huu au ule.

Kuhusu Joska: ploti ni kitu kizuri kwa mtu ambaye mapato yake huja kwa mafungu, maana unajenga unapopata, unasimama unapokosa, na hakuna wa kukufukuza. Wewe una mshahara unaoingia tarehe ileile kila mwezi, na mshahara wa namna hiyo ndio mikopo ya nyumba inautaka. Tena ukihamia Joska utapanda matatu asubuhi na jioni. Nauli hiyo iandike kwenye hesabu kama kodi, kwa sababu ndivyo ilivyo. Kama bado moyo uko kwenye ploti, fanya upekuzi kwenye masjala ya ardhi mwenyewe, usitumiwe picha ya hati.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi: ningekaa kwenye hiyo nyumba ya elfu 18 na kuanzia mwezi huu ningejitoza elfu 25, yaani elfu 18 kwa mwenye nyumba na elfu saba kwenye akiba ya malipo ya awali. Malipo ya nyumba pamoja na ada ya utunzaji yatakuja kuwa humohumo. Kama baada ya mwaka umeweza bila kukopa kwa simu, una kama elfu 84 na unajua kwamba unaweza. Kama ulishindwa kufikia mwezi wa nne, afadhali umejua ukiwa bado mpangaji.

Jina la mkeo liandikwe kwenye hati pamoja na lako, tangu fomu ya kwanza. Najua sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inamlinda hata asipoandikwa, nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa yake. Lakini kulindwa na sheria ni kwenda kortini, na kuandikwa ni kutoa kitambulisho dirishani. Uliza pia kama mkopeshaji anakubali mapato yenu wawili yahesabiwe pamoja. Umesema ana saluni, basi kuanzia sasa apokee malipo kwa till (namba ya biashara) na si kwa namba yake binafsi, ili siku ile taarifa za M-Pesa zimsemee.