Picha ya kifua haihesabu miaka

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 73, amepikia kuni tangu usichana. X-ray imeonyesha mapafu yamejaa hewa kupita kiasi, na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 91. Jirani anasema hamalizi mwaka. Tumeambiwa kuna dawa ya kusafisha mapafu. Tumpe? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Huyo jirani miaka ya mama kaisoma wapi kwenye hiyo filamu? Kila kliniki naletewa bahasha ya X-ray kabla mgonjwa hajakaa. Picha hunisaidia kuona kifua kikuu, nimonia, uvimbe, moyo uliopanuka. Haipimi hewa inavyotoka. Hiyo ni kazi ya spirometa: anapuliza, anapewa dawa ya kupanua njia za hewa, anangoja kama robo saa, anapuliza tena.

Na hata hapo sijui lolote la miaka. Tangu 2004 tuna alama za BODE za kupima uzito wa ugonjwa sugu wa mapafu (COPD), 0 hadi 10, zikizidi hatari inazidi. Zinajumlisha wembamba wa mwili, upulizaji, pumzi kukatika na mita anazotembea kwa dakika 6. Anayefikisha mita 350 hapati alama hapo. Asiyefika 150 anapata zote 3. Ni hesabu ya kundi la wagonjwa, si tarehe ya mama yako.

Kwa wazee mimi huanzia kwenye benchi. Namtazama akija mezani: kasimama mara ngapi? Gauni la Idi ya mwaka jana linampwaya? Kalazwa mara ngapi kwa kifua mwaka huu? Anaoga mwenyewe? Majibu hayo hunitisha kuliko filamu yoyote.

Ile 91 isiwakimbize kununua mtungi. Oksijeni ya nyumbani tunaizungumzia akiwa ametulia na namba ni 88 au chini, tena tukirudia kupima. Kidole chenye piko au baridi hudanganya.

Sasa hiyo dawa. Mapafu si bomba la jikoni. Kilichoharibika humo hakioshwi kikatoka. Wazee wanaokunywa chupa hizi wananijia uso umevimba, sukari iko juu, na mara nyingi nashuku kuna steroidi ndani, dawa kali inayoweza kuleta hayo yote. Kibaya zaidi, pampu ya kuvuta dawa wameshaitupa kabatini kwa sababu muuzaji kasema "inazoesha mwili". Haizoeshi! Mleteni mama na pampu yake, aivute mbele ya nesi, na jikoni moshi upatiwe pa kutokea wiki hii hii.