Mkuu, hiyo miche ya tangawizi mwitu unayotaka kufunikia udongo kivulini, usiilipie bado!

Umeuliza umbali wa kupandia na dawa ya makoa, hayo tutayaongea siku nyingine. Kwanza hapo ulipoandika kwamba muuzaji amekuhakikishia "zote zinabaki kijani mwaka mzima". Maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Columbus, Ohio, na yalinila dola 162.

Kivuli changu kilikuwa kama chako: upande wa kaskazini wa nyumba, chini ya mwaloni, hata nyasi hazishiki. Nikanunua vikopo 18, dola 9 kila kimoja. Nikapanda Septemba, nikaweka mboji, nikamwagilia kila jioni. Novemba majani yakageuka njano, yakalala. Desemba, udongo mtupu. Nikajua imekufa. Machi barafu ilipoyeyuka nikachukua sepetu, nikang'oa mizizi yote, nikaitia kwenye mfuko wa taka. Ilikuwa migumu, ndani myeupe, inanukia tangawizi, na bado akili haikunijia!

Aprili, kwenye kona ambayo sepetu haikufika, yakachomoza majani mawili yenye vinyweleo, yamekunjwa pamoja kama viganja vya mtu anayeomba dua. Nilichuchumaa pale nikayatazama mpaka miguu ikafa ganzi. Mimea ilikuwa hai. Ilikuwa imelala tu, na mimi nimeshaitupa.

Kumbe niliuziwa Asarum canadense, ya hukuhuku Amerika Kaskazini, ambayo hupukutisha majani kila mwaka. Uliyokuwa ukiitafuta wewe, na mimi pia, ni Asarum europaeum ya Ulaya, hiyo ndiyo inayobaki kijani mwaka mzima. Yule muuzaji ananikera mpaka leo. Anashinda na miche kutwa, jina limeandikwa kwenye kibandiko, halafu anamwambia mteja kitu asichokijua! Na asiniulize mtu kwa nini sikukisoma mimi: kwetu tangawizi ni tangawizi, nani anaiuliza jina la Kilatini?

Sasa nauliza. Jina la Kilatini kwanza, pesa baadaye. Kibandiko kisipokuwepo, shika jani. La europaeum ni nene, linang'aa kama limepakwa mafuta, na mmea wenyewe ni mfupi, kama sentimita 15. La canadense ni pana zaidi, halina mng'ao, ukilipitishia kidole unahisi vinyweleo. Na europaeum hutambaa polepole mno, kwa hiyo ukikosea mwanzoni, unapoteza miaka.

Halafu ule mpango wako wa kuchimba mizizi kidogo utie kwenye chai, acha kabisa, nakuomba. Huu mmea si ndugu wa tangawizi yetu. Kwa ukoo uko karibu zaidi na pilipili manga. Una asidi ya aristolokia, inayoharibu figo na kuleta saratani. Harufu ni ileile, lakini usiuweke kwenye sufuria.

Jumamosi ukifika kitaluni piga picha ya kibandiko na ya jani, juu na chini, uzitume hapa kabla hujatoa kadi. Nitakuwa na simu mkononi.