Kabla hujabandika kigezo cha kufuta

Ukianza kupitia makala zinazopendekezwa kufutwa Wikipedia, kabla hujabandika kigezo (alama inayoomba makala ifutwe), shika hili kwanza: unapima mada, hupimi ukurasa. Makala ya sentensi mbili, isiyo na tanbihi hata moja, inaweza kuwa inamhusu mtu anayestahili kabisa kuandikwa. Hiyo ni mbegu, yaani makala fupi inayoanza tu; ikuze. Ile ndefu yenye picha na tanbihi thelathini ndiyo ya kuitilia shaka. Fungua kiungo kimoja kimoja: tovuti ya kampuni yenyewe, taarifa yao kwa waandishi wa habari, mahojiano ambamo mhusika anajisifu, halafu ukurasa unaomtaja kwa jina tu. Ukifika mwisho hujakuta chanzo huru kilichomzungumzia kwa kina, una hoja.

Lakini hoja hiyo haijakamilika mpaka nawe utafute. Mei 2018, rasimu ya makala kuhusu mwanafizikia Donna Strickland wa Kanada ilikataliwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwa madai kwamba vyanzo vilivyowekwa havitoshi. Oktoba mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel. Tena mwaka 2013 alikuwa rais wa chama cha kimataifa cha wanasayansi wa optiki, jambo ambalo utafutaji mfupi tu ungelionyesha.

Wasiofuta nao wana lawama zao. Jar'Edo Wens, "mungu" wa Waaborijini wa Australia aliyebuniwa na mtu tu, alikaa kwenye Wikipedia ya Kiingereza tangu 2005 hadi 2015.

Kwenye mjadala, usihesabu kura. "Ifutwe" kumi zisizo na sababu hazishindi "ibaki" moja iliyoleta vitabu viwili. Na "mbona fulani ana makala?" si hoja; pengine ya huyo fulani nayo haifai. Angalia pia njia za katikati, ambazo wageni huzisahau: kuunganisha na makala kubwa zaidi, au kuacha elekezo, yaani ukurasa unaompeleka msomaji moja kwa moja kwenye makala nyingine. Matusi, matangazo matupu na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwingine hayahitaji mjadala mrefu.

Mjulishe aliyeianzisha makala, kwenye ukurasa wake wa majadiliano, kwa maneno yako mwenyewe. Mwambie pia kwamba kilichofutwa bado kinaonekana kwa wakabidhi (watumiaji wenye mamlaka ya kufuta na kurudisha kurasa), hivyo akipata vyanzo vipya anaweza kuomba kirudishwe.