Jibu: Skanki kanasa kwenye mtego wa paka

Pole sana dada. Kumtegea paka wa mtaani ukaamka na skanki, anayenuka kama kicheche wa kwetu, si jambo dogo. Mbwa na watoto wabaki ndani kwanza. Chukua blanketi kuukuu, ulishike mbele yako kama pazia, usogee polepole mno. Akianza kupigapiga miguu ya mbele chini na kuinua mkia, simama hapo hapo mpaka atulie. Hiyo ndiyo ilani yake ya mwisho kabla ya kurusha majimaji yake yanayonuka. Ukishaufunika mtego wote, giza humtuliza.

Kisha pigia simu idara ya wanyama ya mji wako. Majimbo mengi hapa Marekani hayaruhusu kwenda kumwachia kwingine, na skanki hubeba kichaa cha mbwa, kwa hiyo nakusihi usiingize hata kidole.

Mbwa akirushiwa, achana na juisi ya nyanya, nilihangaika nayo usiku kucha bure. Changanya lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha bekingi soda na kijiko kidogo cha sabuni ya vyombo. Msugue, epuka macho, suuza baada ya dakika tano. Kinachobaki mwaga, ukikifungia kwenye chupa inaweza kupasuka.